Siafu Si Chawa

Mji wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ulizaa washairi wawili wa siasa kwa kufuatana: Kaluta Amri Abedi mwaka 1924 na Saadani Abdu Kandoro mwaka 1926. Amri alisoma Tabora, akawa mhubiri wa jumuiya ya Ahmadiyya, akashiriki katika tafsiri ya Kurani ya Kiswahili iliyotolewa na jumuiya hiyo mwaka 1953, na mwaka uliofuata akachapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwaka 1960 alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Baada ya Uhuru akawa Waziri wa Sheria, kisha akapewa wizara iliyohusika na utamaduni wa taifa, akafariki Ujerumani Oktoba 1964 akiwa na miaka 40. Kandoro alikuwa katibu wa chama cha TAA katika Jimbo la Ziwa, naye ni mmoja wa watu 17 walioasisi chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954. Aliandika Mwito wa Uhuru, kilichotoka 1961, Mashairi ya Saadani, 1972, na Ushahidi wa Mashairi ya Kiswahili, 1978. Shairi lake linalotajwa kuliko yote ni lile la siafu wanaomkabili nyoka.

Juu ya watu wa namna hii kuna maoni yaliyoenea, na ni haki yaelezwe jinsi wenyewe wanavyoyaeleza. Yanasema kwamba mshairi mwanaharakati wa kweli hukaa mbali na dola. Hapokei nishani yake wala hali mshahara wake. Hafuati kanuni za kale za utunzi, kwa sababu aliyezoea pingu za vina hatashindwa kuzoea pingu nyingine. Akipanda jukwaani, hupanda kuwatia wakubwa tumbo joto. Kwa kipimo hicho Amri na Kandoro wanaondolewa mapema: walikuwa watumishi wa chama waliojua kupanga mizani, au kwa lugha ya vijiwe vya leo, chawa, yaani wapambe wa wakubwa, wa zamani.

Maoni hayo hayakuzuka hewani. Wasikilizaji wa redio wa enzi ya chama kimoja walilishwa kwaya na ngonjera za kusifu mpaka wakashiba, na watoto wao wanawaona wasanii wakipishana kwenye majukwaa ya kampeni. Watu waliochoshwa na uchawa wana haki ya kutafuta mfano mwingine, na mfano unaonukuliwa mara nyingi ni wa ng'ambo: Benjamin Zephaniah, mshairi na mwigizaji wa Uingereza. Alizaliwa Birmingham mwaka 1958 kwa wazazi waliotoka visiwa vya Karibi, akaacha shule akiwa na miaka 13 bila kujua kusoma sawasawa, akajijengea jina kwa mashairi ya kughani juu ya polisi, ubaguzi na umaskini. Mwaka 2003 aliikataa hadharani nishani ya OBE, akisema neno Empire, yaani himaya, lililomo ndani yake linamkumbusha utumwa wa wahenga wake. Alifariki Desemba 2023. Mbele ya maisha kama hayo, wasifu wa waziri kutoka Ujiji unaonekana kama barua ya kuomba kazi.

Kasoro ya maoni haya ni kwamba yanapima mkao wa mshairi na kuyaacha mashairi yenyewe. Tena hayapimi sawasawa: kila kipimo kati ya vinne kinavunjika pale pale kinapotumiwa kwa watu wote bila upendeleo.

1. Kipimo cha nishani

Ili mtu aikatae nishani, lazima kwanza aandikiwe barua ya kupewa. Jambo hili dogo husahauliwa. Zephaniah alikuwa raia wa nchi ambayo mfalme au malkia wake hugawa nishani kila mwaka, na ambayo magazeti yake humpa nafasi anayezikataa aeleze kwa nini. Kukataa kwake kulikuwa tendo la maana huko. Lakini kuligeuza tendo hilo kuwa kipimo cha washairi wote ni kusema kwamba uanaharakati huanza pale watawala wanapomtambua mtu. Mwaka 1954 hakuna aliyekuwa akimwandalia nishani katibu wa TAA. Alichoweza kupewa na serikali kilikuwa amri ya kuondoka.

Kipimo hiki kikishafika pwani kinaleta maafa. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, na alipokea nishani ya MBE, ndugu mdogo wa ile aliyoikataa Zephaniah. Kwa hesabu hiyo mwandishi wa Kusadikika, kitabu cha 1951 kinachomweka mtetezi wa haki mbele ya watawala wasiotaka kusikia, anahesabiwa upande wa watawala. Wenye maoni haya hawathubutu kusema hivyo. Shaaban Robert wanamwita baba wa fasihi, na nishani yake wanaikalia kimya. Wakimfikia Kandoro ndipo wanakumbuka kipimo chao.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi kwao. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika kijikaratasi cha Kenya: Twendapi? mwaka 1968, akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyaandika kifungoni yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga, na ambaye wakati huo bado alikuwa Ikulu. Je, tuzo ilifuta kifungo? Mistari iliyoandikwa gerezani ilibadilika siku jina la diwani liliposomwa kwenye hafla? Kama jibu ni hapana, basi nishani na tuzo hazina uwezo unaodaiwa, na kipimo cha kwanza kinabaki kuwa kipimo cha adabu za barua.

2. Kipimo cha cheo na mshahara

Wanaomwita Kandoro chawa wana tatizo la tarehe. Chawa hufuata damu, na TANU ya 1954 haikuwa nayo. Ilikuwa chama kisicho na fedha wala magari, na katika Jimbo la Ziwa, ambako Kandoro alifanya kazi ya TAA pamoja na kina Paul Bomani, serikali ilikataa kuiandikisha mpaka mwaka 1958. Mwaka huo huo Nyerere mwenyewe, kiongozi wa TANU, alishtakiwa kwa kashfa kwa sababu ya makala aliyoandika katika Sauti ya TANU, akatozwa faini. Kumhukumu mtu aliyejiunga na chama hicho wakati huo kwa sura ya chama kilichoshika hatamu miaka 20 baadaye ni kumlaumu aliyepanda mwembe kwa tabia za waliokuja kuuza maembe.

Lakini tuchukue cheo chenyewe, kwa kuwa Amri Abedi alikuwa nacho kweli. Hoja ni kwamba anayelipwa na serikali hawezi kusema dhidi yake. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ingetumiwa kwa kila mtu. Euphrase Kezilahabi, ambaye wenye maoni haya wanampenda kwa haki, alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo cha umma. Mshahara ulitoka katika hazina ile ile iliyowalipa mawaziri, na bado mwaka 1979 alitoa Gamba la Nyoka, riwaya inayowaonyesha wanakijiji wakihamishwa kwa nguvu kwenda kwenye vijiji vya ujamaa. Ngũgĩ wa Thiong'o alipokuwa akitayarisha igizo na wakulima wa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mshahara haukumziba mdomo, na serikali ililazimika kumtia kizuizini siku ya mwisho ya mwaka huo.

Kisha aje Zephaniah mwenyewe. Alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Brunel kuanzia 2011. Kazi yake ya uigizaji inayojulikana zaidi, nafasi ya mhubiri Jeremiah Jesus katika tamthilia ya Peaky Blinders iliyoanza 2013, ilirushwa na BBC, shirika la umma linaloendeshwa kwa ada inayotozwa kisheria kwa wenye televisheni. Mwaka 1996 aliongoza tamasha katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, kwa heshima ya Nelson Mandela, aliyekuwa rais aliye madarakani. Hakuna aliyemwita chawa wa Mandela, wala hapakuwa na sababu. Ila aliyesimama jukwaani kwa ajili ya Nyerere hapewi nafasi hata ya kujieleza. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Gharama ya cheo ipo, lakini siyo ile inayotajwa. Ndani ya miaka minne Amri Abedi alipita kwenye umeya, ukuu wa jimbo na wizara mbili, akafa. Kitabu cha mashairi anachojulikana nacho ni kile cha 1954, alichokitoa kabla hajashika hata ofisi moja. Cheo kilimla muda. Wizara inamtaka mtu asubuhi, mchana na usiku, na shairi linataka saa ambazo wizara haina. Hasara hiyo ni kubwa kuliko rushwa yoyote ya kubuniwa, na wenye maoni haya hawaioni kwa sababu wameshika tochi wakitafuta bahasha.

Hawaoni pia kwamba Amri aliishi maisha yake yote ya utu uzima ndani ya msimamo usiopendwa. Ahmadiyya walikuwa, na bado ni, kikundi kidogo kinachokataliwa na Waislamu wengi. Kijana wa Ujiji, mji wa Kiislamu tangu enzi za misafara, aliyeamua kuhubiri upande huo hakuwa mtu wa kutafuta mahali penye kivuli. Lakini ujasiri huo haukuelekezwa kwa serikali, kwa hiyo katika daftari la wanaharakati hauna safu.

3. Kipimo cha vina na mizani

Hoja ya tatu ndiyo inayosemwa kwa kujiamini kuliko zote: kwamba kanuni za utunzi ni pingu, na mtu aliyeandika kitabu kizima cha sheria zake, kama Amri, au aliyezitetea kwa ushahidi, kama Kandoro, ni mhafidhina hata akiimba uhuru. Hoja hii ilipata moto miaka ya 1970, baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974 na mashairi yasiyofuata vina, na malumbano kati ya wanajadi na wanamabadiliko hayajazimika mpaka leo.

Hoja hii inasahau jinsi shairi lilivyosafiri. Boti za abiria zinazotoka Kibirizi, kaskazini mwa bandari ya Kigoma, hupita Gombe na Mwamgongo zikafika Kagunga, kijiji kilicho mpakani kabisa na Burundi. Milima imeteremka hadi majini, na kwa miaka mingi ziwa ndilo limekuwa barabara. Boti hupakia magunia ya unga, madumu na kreti za soda wakati wa kwenda, na samaki wakati wa kurudi. Kwenye mwambao wa namna hii, katika miaka ya 1940 na 1950, gazeti lilikuwa kitu cha kusomwa na mmoja na kusikilizwa na baraza. Nakala ilichakaa na kuishia kufungia chumvi. Kilichobaki kilibaki vichwani mwa watu.

Hapo ndipo kazi ya mizani inaonekana. Chukua mshororo uliotungwa hapa kwa ajili ya mfano: Mvuvi katika ziwa, taa yake huiwasha. Kipande cha kwanza kina mizani nane, m-vu-vi-ka-ti-ka-zi-wa, na cha pili nane, ta-a-ya-ke-hu-i-wa-sha. Kina cha kati ni wa, cha mwisho ni sha. Msikilizaji aliyeusikia Ujiji na kuurudia Kagunga siku tatu baadaye anaweza kuteleza akasema huwasha badala ya huiwasha. Papo hapo kipande kinabaki na mizani saba, ghani inachechemea, na aliyekaa karibu naye anajua kuna kitu kimepungua hata kama hajui kusoma. Akisahau neno la mwisho kabisa, mishororo mingine ya ubeti inamwambia kwamba neno hilo linaishia na sha. Shairi la vina hujisahihisha lenyewe njiani. Kwa watu wasio na mashine ya kuchapa wala haki ya kukusanyika, hilo lilikuwa jambo la siasa kabla halijawa jambo la sanaa.

Fumbo lilikamilisha kazi. Uwanja mkubwa wa washairi wa wakati ule ulikuwa Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza mwaka 1923. Kwa kipimo cha umbali na dola, kila aliyechapisha humo amejichafua. Lakini fikiria mkaguzi aliyepewa shairi la siafu na nyoka. Ana njia mbili tu: alipitishe kama habari za wadudu, au aende kwa mkubwa wake akiri kwamba yeye mwenyewe amemtambua nyoka. Tungo huru yenye kauli za wazi isingemtia mkaguzi katika shida hiyo. Angeipiga muhuri wa kukataa na kwenda kula.

Kichekesho ni kwamba shujaa wa maoni haya hakuandika tungo zilizovunjika vunjika. Zephaniah alikuwa mshairi wa dabu, sanaa iliyozaliwa katika mapigo ya rege, na mashairi yake yamejaa vina vya kusikika na mapigo ya kuhesabika. Aliwafikia watu kwa sababu yanakaririka. Vina vya Jamaika vinaitwa sauti ya mtaa, na vina vya Ujiji vinaitwa pingu.

Wanajadi nao hawaponi hapa. Kufikia 1978, Ushahidi ulipotoka, kampeni ya elimu ya watu wazima ilikuwa imewafundisha mamilioni kusoma, na redio ilifika palipokuwa hapafiki gazeti. Sababu ya kwanza ya mizani, kuhifadhi na kusafirisha, ilikuwa imepungua nguvu. Badala ya kuitetea kwa sababu hiyo, waliigeuza kanuni kuwa kituo cha forodha: asiye na vina na mizani asipite. Chombo cha kupenyeza maneno kikawa kizuizi cha maneno ya wengine. Ukinzani huo ni wa kweli, nao ni wa watu wa miaka ya 1970. Haurudi nyuma kumshika kijana aliyemtungia nyoka fumbo wakati nyoka bado yumo shimoni.

4. Kipimo cha jukwaa

Hoja ya mwisho inasema kuwa mshairi anayeigiza, anayefanya mwili wake kuwa sehemu ya hoja, ni jambo jipya lililoletwa na maikrofoni za mijini na warsha za wafadhili, na kwamba kabla ya hapo palikuwa na ngonjera za kusifu tu. Kauli hii imechanganya ukweli na uvivu.

Ukweli ni huu. Ngonjera, kama ilivyopewa sura na Mathias Mnyampala wa Dodoma, ni shairi la kujibizana mbele ya watu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Nyerere aliwaita washairi mwaka uliofuata akawataka waieneze siasa mpya, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA, yaani chama cha washairi, vikafuata. Katika ngonjera nyingi za wakati huo mmoja hajui, mwenzake anajua, wanabishana, na asiyejua anasalimu amri mwishoni. Ni mabishano ambayo mshindi wake anajulikana kabla watoto wa shule hawajapanda jukwaani. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilianza kuwahamisha watu wa mkoa huo kwenda vijijini, miongoni mwa operesheni za mwanzo nchini. Aliyehamishwa na kuiacha michikichi yake hakuwa na mhusika katika ngonjera. Aliyefanana naye kidogo ni yule asiyejua, naye alikuwa amepangiwa kushindwa.

Hapa maoni yaliyoenea yanagusa jeraha la kweli, kisha yanakosea dawa. Yanasema tatizo lilikuwa jukwaa la serikali. Sivyo. Tatizo lilikuwa mchezo ambao mmoja wa wahusika hakuruhusiwa kushinda. Igizo la Kamĩrĩĩthũ halikutofautiana na ngonjera kwa mahali fedha zilipotoka. Lilitofautiana kwa kuwa wakulima na wafanyakazi wenyewe walirekebisha mistari wakati wa mazoezi, na hakuna aliyejua mapema mjadala ungeishia wapi. Ndiyo maana kibali chake kilifutwa baada ya wiki chache, na mwaka 1982 jumba lenyewe likabomolewa. Leo warsha ya mfadhili yenye mhusika asiyejua na mhusika anayejua, ambapo asiyejua hukubali mwishoni na kupiga picha na bango, ni ngonjera ile ile iliyobadilishiwa nembo. Lakini kwa kuwa fedha zake hazikutoka serikalini, inahesabiwa harakati.

Kagunga inakipima kipimo hiki vizuri. Mei 2015 wakimbizi makumi ya maelfu kutoka Burundi walijazana kwenye ufukwe wake mwembamba, kati ya milima na maji. Kipindupindu kikaingia na watu wakafa. Meli ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, iliwabeba takriban 600 kwa safari moja hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Mahali pale hapakuwa na nishani ya kukataa. Msanii ambaye angesimama ufukweni na igizo lililoandikwa na Wizara ya Afya, akionyesha jinsi ya kutibu maji na mahali pa kwenda haja, angekuwa anasema maneno ya serikali, kwa gharama za serikali, chini ya turubai la serikali. Kwa kipimo cha umbali na dola, huyo ni chawa. Mwenzake aliyeketi Dar es Salaam akiandika tungo kali juu ya ukatili wa mipaka ni mwanaharakati. Kipimo kinachotoa majibu hayo kinafaa kurudishwa kwa fundi.

5. Gharama zisizotajwa

Maoni yasiyo sahihi yangeweza kuachwa yaende zake kama hayangekuwa na gharama. Haya yanazo tatu.

Ya kwanza inalipwa na wasomaji. Mtu akishaambiwa kwamba Kandoro ni wa chama, hana haja ya kumsoma. Vitabu vya washairi hawa havionekani kirahisi madukani, na shuleni ushairi wa aina hii hufundishwa kwa kuhesabu: vina vipi, mizani mingapi, ni tathlitha au tarbia. Mwanafunzi anaweza kuuhesabu ubeti mzima wa siafu bila kuulizwa nyoka ni nani. Hivyo walimu wanaolihesabu shairi na wanaharakati wanaolidharau wanafanya kazi moja bila kujuana: wote wanalitoa sumu.

Ya pili inalipwa na wasanii chipukizi. Harakati ikipimwa kwa umbali na dola, umbali unageuka bidhaa. Kijana hujifunza kwamba kukamatwa kwa saa mbili kunajenga jina kuliko kufanyia shairi kazi kwa miaka miwili, na kwamba mwaliko wa serikali ukija ni bora aukatae kwa sauti kuliko kuupokea na kusema kisichotarajiwa. Shairi lenyewe linakuwa kiambatisho cha tukio. Anayekataa kwa sauti hulipwa mahali pengine, na huko anakolipwa hakuna anayemuuliza ni maneno gani ameacha kuyasema.

Ya tatu inalipwa na mwambao. Ujiji ulikuwa na wazungumzaji wa Kiswahili kabla Burton na Speke hawajafika mwaka 1858, na watu wake walitoka Unyamwezi, Manyema, Buha na pwani. Kuwaondoa washairi wake wawili kwenye historia ya harakati kunathibitisha dhana nyingine ya zamani, kwamba ushairi wa Kiswahili una wenyewe huko Lamu na Mombasa, na siasa ina wenyewe Dar es Salaam, na kwamba mtu wa ziwani ni mpokeaji wa vyote viwili. Dhana hiyo inamfaa kila mtu isipokuwa mtu wa ziwani.

6. Kipimo kinachobaki

Vipimo vinne vikishaondolewa, yanabaki maswali yanayoulizwa shairi lenyewe. Wakati lilipotungwa, nani angeweza kumdhuru mtunzi kwa sababu yake? Lilimwezesha nani kusema jambo ambalo asingeweza kulisema bila shairi hilo? Na ndani yake, upande wa pili ulipewa nafasi ya kujibu, au ulipangiwa kushindwa?

Maswali haya hayampi mtu hati ya maisha. Shairi la siafu linajibu mawili ya kwanza waziwazi: lilitungwa wakati wa nyoka aliye hai, na lilimpa mtu asiye na haki ya kukusanyika njia ya kuuzungumza umoja barazani. Ngonjera za kusifia vijiji zinashindwa la tatu, awe amezitunga mwenye cheo au asiye nacho. Umeya na uwaziri wa Amri Abedi hauna jibu kwa lolote kati ya hayo matatu, kwa sababu ni habari za ofisi na si za mashairi. Kukataa kwa Zephaniah nako hakuna jibu: ilikuwa barua nzuri, na thamani ya mashairi yake inatafutwa katika mashairi yake. Mshairi mmoja anaweza kufaulu katika tungo moja na kushindwa katika nyingine, kabla ya cheo au baada yake. Kazi ya kulijua hilo ni ya msomaji, na hakuna orodha ya waliokataa nishani itakayomfanyia.